Lenzi ya Kufika Dirishani

4 Machi

Mwanangu Pini,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula na umelala vya kutosha, maana nakujua, ukishika kamera mbovu ya mtu huinuki mpaka ipone. Mimi sijambo. Mgongo ni ule ule, macho ni yale yale, na cherehani inadai mafuta kama kawaida yake. Mama yako anakusalimu sana.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu na mimi bado hatujaelewana. Masikio yangu yameliwa na cherehani. Ukiniambia hili najibu lile, tunaishia kugombana bila sababu. Kwenye karatasi nakusikia vizuri.

Nina shida na utaalamu wako. Ile kamera uliyoniachia nipigie picha nguo nikishazishona, uliyosema ni ya wanaoanza, bado nzima. Ila lenzi yake ni ya karibu. Sanamu la dukani likiwa mbele yangu inatosha kabisa. Sasa nataka kupiga kitu cha mbali, na kwa lenzi hii kitu cha mbali kinatoka kidogo kama punje ya mchele. Nikaenda kwenye lile duka la kamera la mjini, la vioo. Muuzaji akaniwekea mezani lenzi mbili za zumu. Moja akasema ni mia mbili, nyingine mia tatu. Nikauliza mia tatu nini, akasema milimita.

Basi nikatoa futi yangu shingoni nikaipima. Pini, haikufika hata nusu ya hizo milimita mia tatu. Nikapima na mwenzake, nayo imepunjwa vile vile. Nikamwambia yule muuzaji, mimi ni fundi nguo, nikimwambia mteja suruali ina inchi arobaini akakuta ishirini, nitahama mji. Alicheka mpaka akashika meza. Wateja wengine nao wakapokea. Niliondoka na heshima kidogo iliyobaki.

Kwa hiyo niambie wewe. Nataka lenzi ya kufika mbali, kwa bei ambayo fundi anaweza kuilipa bila kuuza cherehani. Ni ya kupiga ndege. Siku hizi nimependa ndege.

Usikawie kujibu, tafadhali.

Ni mimi baba yako.


11 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nimekula, na kulala nalala. Karakana imejaa kazi. Watu wanaangusha kamera zao kama wamelipwa kuziangusha. Wenzangu hapa niliwasomea habari ya futi, wakaomba nikuulize kama una nafasi ya kuja kutukagulia lenzi zote za kabatini. Usikasirike. Hata mimi nilipoanza nilidhani hivyo hivyo.

Ile namba si urefu wa lenzi, baba. Inaonyesha lenzi inavuta kiasi gani. Namba ikikua, kinachoingia kwenye picha kinapungua, na kile kilichobaki ndani kinaonekana kikubwa. Lenzi uliyonayo inaishia hamsini na tano. Inayoishia mia mbili ni ya kuanzia, nyepesi na ya bei nafuu. Ya mia tatu inafika mbali zaidi, ila bei inapanda kidogo na mkono unachoka mapema.

Kabla hujanunua chochote nijibu haya. Hicho kitu kiko mbali kiasi gani? Kinatulia au kinaruka? Unapiga saa ngapi, jua likiwa wapi? Utasimama tu au kuna mahali pa kuegemea? Nikijua hayo nitakuchagulia, usitoe hela yako kwa mtu anayekucheka. Na chochote utakachochagua lazima kiwe cha kampuni ile ile ya kamera yako, la sivyo mdomo wa lenzi hautaingia.

Sasa la pili. Tangu lini ukapenda ndege? Mwaka juzi njiwa walijenga juu ya bati letu, ukawafukuza na fagio kwa sababu walichafua shela ya bibi harusi.

Na mama ana nini? Nimempigia mara mbili, kila mara anaongea kidogo anakohoa, halafu anasema yuko mzima, anakata. Wewe unaandika anakusalimu sana, basi. Zamani salamu zake zilikuwa na maneno yake ndani. Alikuwa akiniuliza kama nimeanza kupaka mafuta visigino. Siku hizi haniulizi kitu.

Wako mwana, Pini.


19 Machi

Mwanangu Pini,

Marahaba. Nimefurahi kusikia uko mzima na kazi ipo. Wasalimie hao wenzako wenye vicheko. Waambie siku wakitaka suti nitawapima kwa lenzi.

Mama yako anaendelea vizuri. Kikohozi ni cha vumbi tu, unajua mtaa wetu.

Nakujibu maswali yako. Umbali ni kama upana wa uwanja wa mpira, labda upungue kidogo, halafu unapanda juu mpaka ghorofa ya pili. Ndege anatua dirishani. Anatulia, haruki ovyo. Anatokea Jumatano na Jumapili, jioni, na jua wakati huo linapiga ukuta wote ule, ni mwanga mzuri. Kuna ukuta mfupi wa matofali uani ambao mtu anaweza kuuegemea. Sipendi sana kuegemea, maana askari wa pale anadhani nimechoka, ananiletea kiti.

Rangi yake ni ya zambarau iliyopauka.

Ninachotaka ni kumwona vizuri mabega, kwapa na kiuno, yaani mabawa. Nataka picha ionyeshe namna alivyokaa. Kwa macho tu siwezi, miwani yangu ni ya sindano, si ya mbali.

Nichagulie haraka, mwanangu. Nikikaa bila kujua nashindwa hata kutunga uzi.

Ni mimi baba yako.


25 Machi

Baba,

Shikamoo. Sitaki kukuuliza habari za afya, kwa sababu kila nikiuliza ninadanganywa.

Ni ndege gani anayejua Jumatano na Jumapili? Ndege gani ana kwapa na kiuno? Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikaisoma mara ya tatu skrubu ikaniponyoka mkononi ikaingia chini ya kabati, na mpaka sasa mwenye kamera anaisubiri. Dirisha la ghorofa ya pili, askari, siku mbili za wiki, jioni. Hizo ni saa za kuona wagonjwa.

Nilimpigia mama hapo hapo. Akasema yuko mzima. Nyuma yake nikasikia magurudumu ya kitoroli na mtu anaita jina la mtu mwingine aje kumeza dawa. Nikamwambia, mama, uko hospitali. Akasema mtandao mbaya.

Baba, mama anaumwa nini? Niandikie ukweli wote, hata kama ni mbaya. Mbaya naweza kuubeba. Hiki cha kubahatisha nimeshindwa, kila simu ikilia karakana nadhani ni habari ya msiba.

Kuhusu lenzi: kwa umbali huo chukua inayoishia mia tatu. Na iwe ile yenye kitu ndani cha kutuliza mtikisiko. Zipo za aina mbili, zinafanana sura, moja inacho na nyingine haina hicho kitu. Isiyo nacho ndiyo ya bei rahisi. Usiichukue. Ukivuta mbali hivyo, hata pumzi yako inaitikisa picha.

Nasubiri.

Pini.


2 Aprili

Mwanangu Pini,

Pole, mwanangu. Una haki ya kukasirika, sikatai.

Mama yako ana kifua kikuu, kile sugu kinachozikataa dawa za kawaida. Yuko wodi ya kutengwa tangu mwezi wa kwanza. Dawa anapata, tena nzito, zinamtapisha. Hakuna anayeruhusiwa kuingia mpaka makohozi yake yatoke safi. Sisi tunasimama uani, wao wanakuja dirishani, tunapungiana mikono kama watu wa meli. Yeye ndiye aliyenikataza kukuambia. Alisema, yule ukimwambia ataacha kazi aje kukaa uani na wewe, mtakuwa wajinga wawili. Nikamtii. Mama yako akitoa amri hata mgonjwa, unajua mwenyewe.

Nami sikuwa na la kukuambia, kwa sababu sijui anaendeleaje. Hilo ndilo linaloniumiza. Yeye nikimpigia anasema mzima. Mama yako hata akifukuzwa na nyuki atasema mzima. Muuguzi mkuu nikimuuliza anasema anaendelea vizuri, mzee, uzito unapanda. Lakini nimesimama pale getini nikasikia anawaambia watu wote anaendelea vizuri, kwa sauti ile ile. Kuna mwenzetu aliambiwa anaendelea vizuri siku ya Jumatano, na Jumapili dirisha la mtu wake lilikuwa tupu.

Ndipo nikafikiria gauni. Alikwenda na lile la zambarau, na kila siku ya wageni analivaa. Nililikata mimi. Vipimo vyake havimo kwenye karatasi, vimo mikononi. Nikiliona vizuri namna lilivyokaa begani na kiunoni, nitajua amepungua au hajapungua, na hakuna atakayenidanganya. Nguo haimbembelezi mtu. Muuguzi mkuu nilimwomba ruhusa ya kupiga picha, akakubali kwa sharti nipige dirisha hilo moja tu, nisichukue sura ya mgonjwa mwingine. Sikumwambia napima.

Sasa usinigombeze. Barua yako ilinikuta nimeshanunua. Nilishindwa kusubiri. Nilikwenda kwa muuza vitu vilivyotumika, akanipa ya mia tatu, mdomo ukaingia vizuri, bei ikanifurahisha. Ni ile isiyo na kituliza. Nimepiga Jumatano na Jumapili, picha nimezisafisha, nimekuwekea moja humu. Hiyo zambarau iliyomwagika katikati ndiye mama yako. Kwa uji huo siwezi kupima hata pazia.

Msafisha picha amesema mikono yangu inatetemeka. Haitetemeki. Mikono hii inatunga uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi.

Ni mimi baba yako.


9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nimelia, nimemaliza, sasa naandika.

Sijui nimkasirikie nani. Miezi yote hiyo mmenitumia salamu. Nimempigia mama, nikamwambia najua kila kitu. Akasema, sasa ukishajua utanisaidia kukohoa? Akasema nikija ghafla atakataa kutokea dirishani. Nimeogopa, baba. Naogopa nikija atajitia nguvu ajionyeshe mzima, na nisipokuja naogopa zaidi.

Hiyo lenzi rudisha, kama muuzaji atakubali. Nimekutumia nyingine kwa basi la vifurushi, ipo kwenye boksi la viatu, nimeizungushia fulana zangu mbili. Imetumika lakini nimeifungua mwenyewe, nimeisafisha, haina ukungu wala mchanga. Inaishia mia tatu, na kituliza kimo. Si lenzi ya mabingwa. Mwanga ukipungua inakuwa kipofu, kwa hiyo piga wakati jua bado linagonga ule ukuta. Pembeni ina swichi ndogo, isukume juu, vinginevyo hicho kituliza kimelala. Egemeza viwiko vyote viwili juu ya matofali, na askari akileta kiti kubali, kaa. Zungusha mpaka mwisho. Bonyeza nusu, subiri iache kuvuma, kisha malizia taratibu. Shusha pumzi kwanza, kama unavyofanya ukitunga sindano. Piga nyingi, maana moja tu ndiyo itakayokuwa nzuri.

Na mikono yako inatetemeka, baba. Si kwa uzee. Yangu nayo inatetemeka hapa na sijakaribia dirisha lolote.

Naomba kitu kimoja. Utakachokiona kwenye picha, nitumie vile vile. Usinipunguzie.

Wako mwana, Pini.


24 Aprili

Mwanangu Pini,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nipo.

Lenzi ilifika. Nilifanya yote uliyosema, hata kiti nilikubali. Nilipochungulia na kuzungusha mpaka mwisho, mama yako akanijia karibu ghafla, nikashtuka nikaitoa jichoni. Nilikuwa sijamwona sura tangu mwezi wa kwanza. Kumbe alikuwa akiniangalia mimi siku zote, si uani tu kama nilivyodhani.

Picha zimetoka safi. Umenisaidia sana na laiti usingenisaidia.

Gauni limemkataa, Pini. Nililikata likae mwilini, kiunoni lishike kidogo, pembeni lishuke moja kwa moja. Sasa pembeni limetanuka, limetengeneza mikunjo chini ya kwapa, kiunoni halishiki kitu, linaning'inia tu kama liko kwenye kamba. Uso sikuuamini, uso unaweza kuvimba kwa dawa. Nimetazama nguo. Mwili uliolijaza gauni lile haumo tena.

Na kuna jingine. Zamani alinipungia kwa mkono mzima, mpaka juu. Sasa viwiko vimebana mbavu, anachezesha vidole tu. Hana nguvu ya kuinua mkono. Jumatano hivyo, Jumapili hivyo.

Nilimfuata muuguzi mkuu. Akasema uzito umepanda tena, mzee, tena sana. Nikamshukuru, nikatoka. Mama yako nilimpungia nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma, nikarudi nyumbani nikafunga mlango wa dukani. Kuna sare za watoto wa shule zimekatwa mezani, hazijaunganishwa, na wazazi wao wananipigia. Sina mikono ya kuzishona.

Ulisema nisikupunguzie, sijakupunguzia. Nimekuwekea picha nne ujionee. Njoo, mwanangu. Akatae kutokea dirishani, asikatae, wewe njoo.

Ni mimi baba yako.


30 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuja. Bosi amenipa ruhusa bila kuuliza sana, nadhani uso wangu ulimjibu. Nitapanda basi Jumapili ya tarehe tisa usiku, Jumatatu niko nyumbani. Usije kunipokea. Kaa, ule kitu.

Picha nimeziangalia siku nzima. Mama nimemwona. Amebadilika, kweli, lakini mimi si fundi nguo, sijui kusoma mikunjo. Nimemwona ananiangalia, basi, na macho ni yake. Nimeziweka chini ya kioo kikubwa cha karakana nikitafuta hata kitu kimoja kizuri cha kukuambia. Sikupata. Nilichokiona ni ubovu wa lenzi, nao nakuambia tu ili usije ukadhani umekosea wewe.

Kwenye ile picha ya nne, mama alipogeuka kidogo, kuna mstari wa zambarau iliyokolea, unatoka kwapani unashuka mpaka kiunoni. Lenzi za bei hii zina tabia hiyo. Penye mwanga mkali zinaweka ukingo wa zambarau kwenye vitu, ni ugonjwa wao, wateja wanatuletea malalamiko hayo kila mara. Nilichoshangaa ni kwamba kawaida ukingo huo unakaa upande wa mwanga tu, na huu upo pande zote mbili, kulia na kushoto, tena umenyooka. Labda kioo cha dirisha nacho kimechangia. Nikifika nitaifungua nione.

Baba, usifunge duka. Shona hata sare moja. Nifike nikukute unashona.

Wako mwana, Pini.


5 Mei

Mwanangu Pini,

Sijui kama barua hii itakukuta hujaondoka. Nimempa dereva wa basi lenyewe aifikishe karakana, nikamwahidi kumpunguzia suruali bure. Kama imekukuta, kaa kwanza.

Lenzi yako haina ugonjwa wowote.

Nilisoma barua yako mpaka pale pa mstari, nikaacha, nikachukua picha ya nne na kioo changu cha kutazamia nyuzi. Pande zote mbili, kulia na kushoto, kutoka kwapani mpaka kiunoni. Mimi niliyejidai naisoma nguo, nilikuwa natazama mikunjo tu. Pini, hiyo si rangi ya mwanga. Ni kitambaa.

Nikishona gauni la mwanamke huacha akiba ndani ya mshono wa pembeni, kitambaa kimekunjwa kwa ndani, siku akinenepa kifunguliwe nguo isitupwe. Gauni la mama yako limefuliwa na kuanikwa miaka, nje limepauka. Ile akiba ya ndani jua halijaiona hata siku moja, bado ina rangi ya dukani. Huo mstari wako uliokolea ndiyo akiba yangu, iko nje. Mtu amefumua mishono na kulipanua. Na limetanuka na kuning'inia kwa sababu aliyelipanua hakupima, ameachia akiba yote bila huruma, kushoto na kulia.

Anayekwisha mwili hapanui gauni, mwanangu. Nilisimama katikati ya duka na picha mkononi, nikalisema hilo kwa sauti, hakuna mtu wa kuniitikia.

Nilikwenda hospitali siku ile ile, haikuwa siku ya wageni, nikamwomba askari aniitie muuguzi mkuu. Nikamuuliza kuhusu gauni. Akaangalia huku na huku. Akasema, mzee, aliniapisha nisikuambie. Gauni lilikuwa linambana kwapani, anashindwa kupumua vizuri ndani yake. Akaomba mkasi, wakamnyima, mkasi hauruhusiwi. Akafumua kwa kikata kucha, akashona kwa sindano ya kuazima. Halafu akasema, mume wangu akiuona mshono huu ataona aibu kwamba alinioa. Ndiyo maana anabana viwiko. Anaficha mshono, Pini. Anamficha fundi mshono mbaya, na fundi anakwenda nyumbani kulia.

Nikamwomba muuguzi radhi, ingawa hakujua ya nini. Nikamuuliza kwa nini basi anawaambia watu wote anaendelea vizuri, kwa sauti ile ile. Akasema, sauti nyingine sina, mzee, ila wewe nilikuwa nakutajia uzito. Ni kweli, alikuwa akinitajia. Sikumsikiliza.

Bado hajatoka. Makohozi yanasubiriwa, na mimi usingizi wangu bado ni wa kuwinda. Kwa hiyo njoo vile vile, ila usije na uso wa msiba. Sare nimeshona, zimebaki vifungo.

Leo ilikuwa Jumatano. Nilifika mapema, nikaegemea ukuta. Alipotokea, viwiko mbavuni, sikuinua kamera kwanza. Nikashika shati langu pembeni, huku na huku, nikalivuta nje, nikamwonyesha kwa kidole. Alielewa mara moja. Akageuka, akajificha nusu nyuma ya pazia, mama yako ambaye sijawahi kumwona akimwonea mtu aibu. Nikazidi kulivuta shati mpaka askari akaniuliza, mzee kuna nini. Nikamwambia niache, naongea na mke wangu.

Kisha akarudi dirishani, katikati kabisa. Akainua mikono yote miwili juu, mpaka mwisho, akazunguka taratibu, kushoto, kulia, na mishono yake yote ile mibaya iko nje.

Hiyo nimeipiga. Iko ndani ya bahasha. Angalia alivyonenepa.

Ni mimi baba yako.